Shilingi 2,500 za mfugaji zikanunue nini: urea, samadi au robota?

"Mfuko ni pesa ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza katika duka la pembejeo mvua zinapokaribia, iwe Githunguri, Kangema au Runyenjes. Muuzaji hutaja bei, mfugaji hulinganisha mfuko huu na ule, kisha hubeba ulio rahisi. Kwa mtu anayelisha ng'ombe wa maziwa, kununua hivyo ni hasara iliyojificha. Mifuko miwili ya kilo 50 yenye bei moja inaweza kupishana zaidi ya mara mbili kwa kilichomo ndani. Na hata kilichomo ndani si mwisho wa hesabu, kwa sababu ng'ombe hali mbolea. Bei ya kuulizia ni ya kilo moja ya nyasi inapofika kwenye hori.

Ninamwandikia mfugaji mwenye kipande kidogo: nusu ekari ya nepia, ng'ombe wawili au watatu zizini, maziwa yakipelekwa kwa chama cha ushirika kila alfajiri. Huyu ndiye anayenunua chakula cha mifugo kwa bei kali kuliko wote, kwa sababu hununua kidogo kidogo na hununua wakati wa kiangazi. Na huyu huyu ndiye ambaye nyasi yake haipewi kitu. Samadi huenda kwenye mahindi na sukuma wiki, mfuko wa mbolea huenda kwenye kahawa au viazi, nepia inaachiwa Mungu.

Nepia haivumilii kuachwa hivyo. Ng'ombe akila malishoni, sehemu kubwa ya alichokula hurudi pale pale kama kinyesi na mkojo. Nyasi ikikatwa na kubebwa hadi zizini, kila mzigo unaotoka shambani umeondoka na rutuba yake. Protini ya nyasi imejengwa kwa nitrojeni, na hesabu yake ni rahisi: gawanya uzito wa protini kwa 6.25. Tani moja ya nyasi, ikipimwa bila maji yake, ikiwa na protini asilimia 8, imebeba karibu kilo 13 za nitrojeni. Ekari ya nepia inayotoa tani 6 kavu kwa mwaka, mavuno ambayo si ya ajabu, imepoteza kilo 77 hivi. Hizo ni zaidi ya mifuko mitatu ya urea. Potasiamu inayoondoka mara nyingi huzidi hapo. Shamba likivunwa hivyo miaka mitano bila kurudishiwa kitu, mashina huwa membamba, majani hugeuka rangi ya kijani cha kufifia, na mwenye shamba huanza kusema kwamba nepia yake imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Ina njaa.

Sasa tuweke mifuko mezani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, kutoka shilingi 3,500 zilizokuwa zikilipwa kwa DAP na urea mwaka uliotangulia. Nitatumia 2,500 katika hesabu zote. Ukinunua kwa bei ya soko, badilisha tarakimu, njia haibadiliki.

Urea ni nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko una kilo 23 za nitrojeni. Kila kilo ya nitrojeni imekugharimu shilingi 109. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13 kwa mfuko: shilingi 192 kwa kilo. Salfeti ya amonia, ile wengi wanaiita SA, ina asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu: shilingi 238. NPK ya 17-17-17 ina kilo 8 na nusu tu za nitrojeni, na ukiipima kwa nitrojeni peke yake inafika shilingi 294, ingawa inakuletea fosfeti na potashi pia. DAP ina kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Hiyo ni mbolea ya kupandia, mahali pake ni kwenye shimo la nepia mpya. Kuirusha juu ya nepia iliyokwisha kushika ni kununua fosfeti nyingi ambayo mizizi haikuiomba.

Kwa hiyo, bei ya mfuko ikiwa ni moja, urea inashinda kwa mbali sana. Najua pingamizi litakalotolewa, nalo lina ukweli: urea iliyotawanywa juu ya udongo bila kufukiwa hugeuka gesi ya amonia na kupaa. Hasara hiyo inaweza kufika asilimia 30 ikiwa jua ni kali na mvua imechelewa. Hata hivyo, toa asilimia 30 kwenye kilo 23, unabaki na 16, na bado kila kilo imekugharimu shilingi 155. Urea ingelazimika kupoteza zaidi ya asilimia 43 ndipo CAN iwe na nafuu kwa bei hii. Afadhali uifukie kidogo kando ya mashina, au uiweke siku ambayo mvua itanyesha baada ya saa chache, na hasara hiyo itapungua sana. CAN naiheshimu kwa jambo jingine: hailichachushi shamba kama SA inavyofanya, na haipai kwa urahisi. Mwenye udongo mchachu asiye na uhakika wa mvua ana sababu ya kuilipia zaidi.

Kuna wanunuzi wawili ambao hesabu hii inawaumiza. Wa kwanza ni anayepimiwa kilo moja moja dukani. Urea ikipimwa kwa shilingi 100 kwa kilo, nitrojeni yake imefika shilingi 217, maradufu ya aliyenunua mfuko mzima, na hana namna ya kujua kilichokuwa ndani ya mfuko uliofunguliwa. Majirani wawili wakichangia mfuko mmoja wanaokoa zaidi kuliko punguzo lolote. Wa pili ni yule ambaye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao liko mbali. Shilingi 300 za bodaboda kwa mfuko zinapandisha kilo ya nitrojeni ya urea hadi 122. Inavumilika. Zikifika 1,000, ni 152, na hapo duka la karibu linaanza kuwa na maana.

Fungua macho pia kuhusu ubora. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipenya hadi ndani ya mpango wa ruzuku wa Kenya, na anayeuziwa bandia anaweza kupoteza msimu mzima, hasara kubwa kuliko pesa ya mfuko. Nunua mfuko ulioshonwa kiwandani ambao haujaguswa, wenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na utunze risiti mpaka nyasi ikatwe.

Kwa msomaji wa Tanzania, ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 iliweka urea na DAP kwenye shilingi 70,000 kwa mfuko. Kwa bei hiyo nitrojeni ya urea ilikuwa kama shilingi 3,040 za Tanzania kwa kilo. Na anayepanda malisho mapya kwenye udongo mchachu wa nyanda za juu ana bidhaa ya nyumbani ya kufikiria kwa upande wa fosfeti: mawe ya Minjingu kutoka Manyara, ambayo huyeyuka vizuri zaidi penye uchachu.

Turudi kwenye hori. Kilo moja ya nitrojeni, ikikutana na unyevu na nyasi yenye afya, huongeza kati ya kilo 10 na 30 za nyasi kavu. Tuchukue 15, tusijidanganye. Mfuko mmoja wa urea wenye kilo 23 utakupa kilo 345 za nyasi kavu ambazo zisingekuwapo. Gawanya 2,500 kwa 345: shilingi 7 na senti 25 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 kavu kwa siku, kwa hiyo mfuko huo umemlisha karibu mwezi mzima.

Linganisha na robota la nyasi. Robota la kilo 15 lina kama kilo 13 kavu. Ukilinunua kwa shilingi 300, kila kilo kavu ni shilingi 23. Chakula cha dukani, mfuko wa kilo 70 kwa shilingi 3,000, ni kama shilingi 48 kwa kilo kavu. Kweli kilo hiyo ina nguvu na protini nyingi kuliko nyasi, na ng'ombe wa lita 15 hawezi kuiacha. Lakini wafugaji wengi humpa ng'ombe chakula cha dukani kujaza pengo la nyasi, na hapo ndipo pesa ya maziwa inapokwisha. Pengo la nyasi lizibwe kwa nyasi.

Hata mbolea ilipopanda vibaya mwaka 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei ya gesi asilia inayotengenezea urea, hesabu haikupinduka. Mfuko wa shilingi 6,000 ulifanya nyasi ya ziada igharimu shilingi 17 na kidogo kwa kilo kavu. Bado ni chini ya robota la shilingi 300. Waliositisha mbolea mwaka ule na kwenda kununua marobota walikimbia bei moja wakaangukia nyingine kubwa zaidi.

Na maziwa? Chukua tahadhari hapa, kwa sababu nyasi ya ziada humfaa ng'ombe anayekamuliwa na aliyekuwa hashibi. Kwa huyo, kila kilo kavu ya nepia changa inaweza kuzaa zaidi ya nusu lita. Tuseme nusu tu. Kilo 345 ni lita 172, na kwa shilingi 50 kwa lita ni shilingi 8,600 kutoka kwenye mfuko wa 2,500. Ng'ombe aliyekaushwa, au aliyekwisha kushiba, hatakurudishia hata senti ya mbolea hiyo.

Nimezungumza kana kwamba mfuko ndio mwanzo. Kabla ya mfuko kuna kitu ambacho umekwisha kukilipia na unakiacha kipotee. Ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula kikavu chenye nitrojeni asilimia 1.6 ameingiza gramu 190 kwa siku. Lita 7 za maziwa zinatoka na gramu 36 hivi. Zilizobaki, karibu gramu 150, zinatoka nyuma yake. Kwa mwaka ni kilo 55 za nitrojeni kwa ng'ombe mmoja: zaidi ya mifuko miwili ya urea. Ng'ombe wawili ni mifuko karibu mitano. Kwa bei ya ruzuku hiyo ni kama shilingi 12,000 kila mwaka, zimelala chini ya miguu yao.

Sehemu kubwa hailali hapo, inatoroka. Nusu au zaidi ya nitrojeni hiyo, na potasiamu nyingi kupita nusu, imo kwenye mkojo. Zizi la udongo huunywa mkojo ukaishia ardhini pasipo na nyasi. Lundo la samadi lililoachwa juani na kwenye mvua miezi minne hupoteza kilichobaki: amonia inapaa, maji meusi yanatiririka kwenda mtaroni, nawe unabeba shambani mzigo mzito wenye rutuba kidogo. Ndiyo maana mfugaji hukwambia kwa uaminifu kabisa kwamba aliweka samadi na hakuona kitu.

Saruji ya kusakafia zizi, mfereji mdogo na shimo la kukusanya mkojo ni gharama ya mara moja. Naiweka mbele ya mfuko wowote wa mbolea. Kama saruji haijawezekana, matandazo makavu ya mabua au majani makavu hunyonya mkojo vizuri, na karatasi ya nailoni au paa la makuti juu ya lundo huzuia jua na mvua. Mwenye mtambo wa bayogesi amekwisha kushinda nusu ya vita: tope linalotoka ni mbolea ya majimaji iliyo tayari, ilimradi lipelekwe kwenye mifereji kati ya mistari ya nepia na kufukiwa siku hiyo hiyo.

Samadi ya kununuliwa ni habari nyingine. Malori huleta samadi ya mbuzi na ng'ombe kutoka maboma ya Kajiado na Narok hadi mashamba ya Kiambu na Murang'a. Ikiwa lori la tani 7 linakufikia kwa shilingi 20,000, na samadi ina nitrojeni asilimia 1, umenunua kilo 70 kwa shilingi 286 kila moja, ghali kuliko mfuko wowote isipokuwa NPK. Tena nitrojeni hiyo hutoka polepole, sehemu ndogo tu mwaka wa kwanza. Unapata pia fosfeti, potasiamu na uhai wa udongo, mambo ambayo urea haitoi. Kwa shamba jipya, au udongo uliochoka mpaka haushiki maji, ningeinunua. Kwa nepia inayohitaji kuchipuka mvua hii, hapana. Na kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani ya mzigo, maana samadi iliyolowa au iliyochanganyika na mchanga inakuuzia maji na mchanga kwa bei ya rutuba.

Zipo hali ambazo mbolea yoyote ni pesa iliyotupwa, na ya kwanza ni ugonjwa. Udumavu wa nepia, uliosambaa sana magharibi mwa Kenya, huyafanya majani yawe madogo na ya manjano, na kichaka hujaa vichipukizi vifupi visivyorefuka. Kwa macho unafanana sana na njaa ya nitrojeni, ila njaa hutokea shamba zima na huisha baada ya mbolea, wakati ugonjwa huanza kwa mashina ya hapa na pale na huzidi kila unapokata. Shina hilo ling'olewe na lisitumike kama mbegu. Kwa ukungu mweusi wa vichwa unaosumbua nyanda za kati, aina za Kakamega 1 na Kakamega 2 zilizotolewa na watafiti wa KARI, sasa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, hustahimili. Kupanda upya kwa mbegu safi hapo ni bora kuliko mifuko kumi.

Hali ya pili ni uchachu. Udongo ukiwa chini ya pH 5.5, fosfeti hufungwa na mizizi hudumaa, na SA au DAP zikirudiwa kila mwaka huongeza ubaya. Peleka udongo upimwe, kwa mfano kwenye maabara ya KALRO pale Kabete, na uweke chokaa ya kilimo kabla ya kuongeza kitu kingine.

Ya tatu ni kisu. Nepia iliyopewa mbolea hukua haraka, na ikiachwa ifike mita mbili au tatu protini yake huanguka, shina linakuwa mti, ng'ombe anachagua majani na kubakiza nusu horini. Ikate ikifika mita moja hivi, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, kisha uweke mbolea unyevu ukiwapo. Ikikuzidi wakati wa mvua, igeuze sileji kwenye mfuko wa nailoni. Asiye na mpango wa nyasi ya ziada apunguze mbolea.

Anayekuza nyasi za Boma Rhodes auze marobota yuko katika biashara tofauti. Zile kilo 345 kavu ni marobota kama 26. Tuseme kukata na kufunga ni shilingi 60 kwa robota, jumla 1,560, na urea 2,500. Akiuza kwa 250 anapokea 6,500 na kubaki na 2,440. Akiuza kwa 150 wakati kila mtu ana nyasi, anapokea 3,900 na anapoteza 160. Faida yake yote imo kwenye ghala kavu na subira ya kungoja kiangazi. Asiye na ghala asianze na mbolea.

Desmodiamu ningependa kuiona kwenye kila kipande cha nepia. Mmea huu wa jamii ya kunde hutambaa kati ya mistari, huvuta nitrojeni kutoka hewani, huzuia magugu, na humpa ng'ombe protini nyingi kuliko nepia. Mbegu zake ni ghali, lakini vipande vya shina kutoka kwa jirani huchipuka vizuri mwanzoni mwa mvua. Hukua polepole msimu wa kwanza, na urea nyingi huifanya nepia iifunike, kwa hiyo penye desmodiamu weka samadi na upunguze mfuko.

Jambo moja la usalama lisisahaulike. Urea ikiliwa na ng'ombe huua, kwa hiyo mfuko uwekwe mbali na zizi. Usikate nyasi ya kulisha kabla mvua haijayeyusha chembe zote. Subiri wiki tatu au zaidi, na ikiwa ukame umeingia ghafla baada ya mbolea nyingi, ngoja zaidi, kwa sababu nyasi iliyosimama kukua hulimbikiza naitreti inayomdhuru ng'ombe.

Mwisho, usinichukulie zile kilo 15 kama ahadi. Shamba lako lina jibu lake. Weka mfuko mmoja kwa ekari, au nusu mfuko kwa nusu ekari, lakini acha kipande cha mita 10 za mraba bila kitu, ukizungushie vijiti. Siku ya kukata, pima kwa mizani nyasi mbichi ya kipande hicho na ya kipande cha ukubwa huo huo kilichopata urea. Sehemu ya tano hivi ya nepia mbichi ndiyo kavu, na ekari moja ina vipande kama 400. Tofauti ikiwa kilo 4 na nusu, hesabu yangu ni yako. Ikiwa kilo 3, nyasi yako ya ziada imegharimu kama shilingi 10 kwa kilo kavu, nawe bado umelishinda robota. Ikishuka chini ya kilo moja na robo, marobota ya shilingi 300 yangekuwa nafuu. Acha urea msimu unaofuata, upime udongo na ukague mashina kabla ya kununua mfuko mwingine.